Madan Lal wa Amritsar na Siku ya Leeds

Katika mashindano mawili ya kwanza ya Kombe la Dunia la kriketi la wanaume, yaliyofanyika Uingereza mwaka 1975 na mwaka 1979, India ilicheza michezo sita ikashinda mmoja tu. Na huo mmoja, uliochezwa mjini Leeds tarehe 11 Juni 1975, iliushinda dhidi ya Afrika Mashariki, yaani ilitushinda sisi. Mrushaji aliyetwaa wiketi nyingi zaidi siku ile alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne kutoka Punjab, jina lake Madan Lal. Miaka minane baadaye mkono uleule ulimwangusha mpigaji aliyeogopwa kuliko wote duniani, na kombe likaenda India. Waandishi wa tarehe ya mchezo huu, kila waisimuliapo safari hiyo, aghalabu huianzia mwaka 1983, kana kwamba yaliyotangulia yalikuwa giza tupu; nami naona ni haki ianzie mahali ilipoanzia kweli, katika uwanja ambamo wenzetu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walisimama wamevaa nguo nyeupe wakaikabili nchi ya mababu wa walio wengi miongoni mwao.

Huku kwetu Kyela, baina ya mto Songwe na milima ya Livingstone, ambako mvua za masika hulifanya bonde zima kuwa shamba la mpunga na mara nyingine kuwa ziwa la pili, kiwanja maana yake ni kiwanja cha kandanda, na kijana wa Ipinda au wa Matema huweza kufikia utu uzima pasipo kulishika gongo la kriketi hata mara moja. Walakini mchezo huu haukuwa mbali nasi kama tudhanivyo. Timu ya mwaka 1975 ilizikusanya nchi nne, nayo iliyoirithi, iliyoitwa Afrika Mashariki na Kati na kuanza mwaka 1989, ilizikusanya Tanzania, Uganda, Zambia na Malawi. Na mtu akiitazama ramani ataona kwamba sisi tulio kando ya Ziwa Nyasa, tuvukao Kasumulu kwenda Malawi na kupandia Tunduma kwenda Zambia, ndipo tulipokutanikia watu wa tatu kati ya nchi hizo nne. Kwa hiyo habari ya wanaume hawa ni habari ya majirani zetu, na mtu wa huku ana haki ya kuisimulia.

Msomaji asiyeujua mchezo na astahimili kidogo nieleze kazi ya mrushaji, kwa maana pasipo kuifahamu hatauona uzito wa yafuatayo. Mpira wa kriketi ni wa ngozi nyekundu iliyoshonwa juu ya moyo wa kizibo na nyuzi, uzito wake hupata gramu 160 hivi, nao ni mgumu kiasi cha kuweza kuvunja mfupa. Katikati yake umezungukwa na mshono ulioinuka, unaohisiwa na vidole kama kovu. Mrushaji wa kasi huja mbio kutoka mbali, akaurusha kwa mkono ulionyooka, na mpira hugonga ardhi kabla ya kumfikia mpigaji aliye umbali wa mita 20, ambaye nyuma yake vimesimikwa vigingi vitatu. Upande mmoja wa mpira husuguliwa kwenye suruali hata ung'ae, ndiyo maana mapaja ya warushaji wa zamani hayakukosa doa jekundu, na upande wa pili huachwa uchakae. Basi ukirushwa na mtu ajuaye, mshono ukiwa wima, mpira huelea hewani ukapinda, na mpigaji aliyedhani ameuona hugonga upepo. Warushaji huamini kwamba mawingu na hewa nzito ya unyevu huzidisha kupinda huko, na kama imani yao ni sahihi, basi hewa yetu ya asubuhi itokayo ziwani ingewafaa sana. Timu ikirusha mara sita imemaliza ova moja. Mpigaji akiangushwa, wiketi imekwenda. Na wapigaji huhesabu mikimbio.

Madan Lal alizaliwa tarehe 20 Machi 1951 katika mji wa Amritsar, mji mtukufu wa Masingasinga, ulio karibu na mpaka ambao miaka minne tu kabla ya kuzaliwa kwake ulikuwa umechorwa katikati ya Punjab kwa wino na kwa damu. Punjab hiyo si nchi ngeni kwa Afrika Mashariki. Serikali ya Kiingereza ilipoanza kuijenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria mwaka 1896, vibarua waliovushwa bahari walikuwa zaidi ya elfu thelathini, na walio wengi walitolewa Punjab. Kiasi cha elfu mbili na mia tano hawakurudi hai. Waliosalia walikutana na wenye maduka kutoka Gujarat na Kutch, waliokuwa wamefanya biashara katika pwani zetu kwa karne nyingi, na popote jamii hizo zilipotia nanga, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Unguja, vijana wao walitafuta kiwanja tambarare wakasimika vigingi. Ndipo ilipotoka sehemu kubwa ya timu ya mwaka 1975. Madan Lal na walio wengi katika timu hiyo walikuwa matawi ya mti mmoja, tofauti ikiwa ni kwamba babu wa hawa alipanda jahazi au meli, na babu wa yule hakupanda.

India ya ujana wake haikuwaheshimu warushaji wa kasi. Viwanja vyake vilikuwa vikavu na vya vumbi, vinavyowafaa warushaji wa kuzungusha mpira polepole, na nchi ilikuwa na wanne wa namna hiyo walio mabingwa wa dunia, ambao Bishan Singh Bedi, mzaliwa wa Amritsar vilevile, alikuwa mmoja wao. Kazi ya mrushaji wa kasi ilikuwa kuuchakaza mpira mpya kwa ova chache, kisha kuwapisha wenye ufundi. Katika hali hiyo Madan Lal alijifunza kazi yake. Hakuwa jabari wa mwili, na kasi yake, tukisema kweli, ilikuwa ya wastani. Alichojaliwa ni pumzi, shabaha, na moyo usiojua ajizi. Zaidi ya hayo aliweza kupiga, na alipowekwa mahali popote kiwanjani aliufuata mpira kwa juhudi isiyopungua tangu asubuhi hata jua kuchwa.

Aliingia katika timu ya taifa mwezi wa Juni 1974, uwanja wa Old Trafford, Manchester, katika safari iliyokuwa ya msiba kwa India, ambayo ndani yake timu nzima iliangushwa kwa mikimbio 42 katika uwanja wa Lord's. Mchezo wake wa kwanza ulimwachia kumbukumbu ambayo hakuna kijana angeiomba: Mike Hendrick alimrushia mpira uliopita gongo lake, ukang'oa kigingi cha kulia na cha kushoto vikaruka, ilhali kile cha katikati kikabaki kimesimama pekee, na mpiga picha akaikamata saa hiyohiyo. Picha ile imezunguka dunia. Mtu mwenye tabia dhaifu angetosheka na fedheha hiyo akarudi kwao. Yeye alirudi Uingereza mwaka uliofuata.

Tarehe 7 Juni 1975 Kombe la Dunia la wanaume lilifunguliwa kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo huu, na katika uwanja wa Lord's ni Madan Lal aliyekabidhiwa mpira mpya. Alikuja mbio, akaurusha kwa Dennis Amiss wa Uingereza, na huo ndio mpira wa kwanza uliopata kurushwa katika Kombe hilo la Dunia. Heshima hiyo hainyang'anyiki. Yaliyofuata siku ile hayakuwa ya heshima: Uingereza ikapata mikimbio 334, na India, iliyokuwa haijaufahamu mchezo wa siku moja, ikajikokota hata 132, Sunil Gavaskar akikaa ova zote 60 na kuambulia 36.

Siku hiyohiyo, mjini Birmingham, Afrika Mashariki iliingia kiwanjani kukabili New Zealand. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Katika kikosi kizima cha mashindano hayo Tanzania ilitoa Praful Mehta, mlinda wiketi, na Shiraz Sumar. Uganda ilitoa Sam Walusimbi na John Nagenda, mrushaji wa kasi wa miaka 37, aliyezaliwa Gahini nchini Rwanda katika nyumba ya wahubiri, mwandishi wa vitabu pia, mmoja wa waliohudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962. Zambia ilileta Yunus Badat na Parbhu Nana. Don Pringle wa Kenya, mzaliwa wa Uingereza, alikuwa na miaka 43, umri ambao warushaji walio wengi huwa wamekwisha kukaa barazani wakisimulia. Hawa hawakuwa watu wa kulipwa kwa mchezo. Walikuwa watu wa kazi na biashara zao. Glenn Turner wa New Zealand aliwapiga mikimbio 171 bila kuangushwa. Nao wakajibu kwa 128, Frasat Ali akipata 45. Walishindwa vibaya, lakini walipiga ova zao zote 60, na wiketi mbili zilibaki.

Basi siku nne baadaye, katika uwanja wa Headingley mjini Leeds, wakakutana na India.

Afrika Mashariki ilitangulia kupiga. Bedi alirusha ova 12, na nane kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja, jumla akatoa mikimbio sita tu siku nzima. Ilikuwa kama kuombwa kuchota maji kwa ungo. Abid Ali wa India akamwangusha Frasat na Walusimbi, Mehta wetu akatolewa mbioni, na katika udhiki huo alisimama Jawahir Shah, aliyecheza kwa ustaarabu na ujasiri hata akafikia 37, idadi ambayo hakuna mwenzake aliyeifikia. Aliyemfuatia ni Ramesh Sethi kwa 23, naye ndiye Madan Lal aliyemtaka: mpira ukapigwa juu, ukadakwa na Anshuman Gaekwad. Kisha Nana akanaswa mguu wake ukiwa mbele ya vigingi, na mwisho wa yote akaja mzee Pringle, ambaye vigingi vyake viliangushwa na kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tisa. Madan Lal alikuwa amerusha ova tisa na nusu, ametoa mikimbio 15 na kutwaa wiketi tatu. Afrika Mashariki yote ilikuwa na 120.

India iliuzima mchezo bila kupoteza mtu, Gavaskar akiwa na 65 na Farokh Engineer 54, kabla hata ova ya 30 haijakamilika. Nimepata kusikia ikisemwa kwamba ushindi wa namna hiyo hauna thamani, kwa kuwa walioshindwa walikuwa dhaifu. Sikubaliani na neno hilo. Timu iliyokuwa imetoka kuaibishwa na Uingereza, na ambayo ingeshindwa tena na New Zealand siku tatu baadaye, ilihitaji kuonja ushindi mara moja ili ijue kwamba mchezo huu mpya unawezekana. Na waliouonjesha walikuwa watu wetu, ambao siku hiyohiyo ya tatu waliangushwa na Uingereza kwa mikimbio 94 wakarudi makwao na kazi zao. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uleule Don Pringle alikufa katika ajali ya gari mjini Nairobi. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, alikua akawa mrushaji wa Uingereza, na katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1992 alitwaa wiketi tatu kwa mikimbio 22.

Madan Lal naye alipatwa na yale yampatayo mtumishi mwaminifu anapotokea mwenye kipaji kikubwa. Mwaka 1978 akaingia Kapil Dev wa Chandigarh, mrushaji ambaye India haikuwa imeona mfano wake tangu siku za Mohammad Nissar na Amar Singh katika miaka ya thelathini, na Karsan Ghavri akawa msaidizi wake. Madan Lal akakaa nje ya timu ya michezo mirefu, ile ya siku tano, kwa miaka kadhaa. Alirudi kikosini mjini Bombay mwishoni mwa mwaka 1981, akiwa na miaka thelathini, Uingereza ikiwa na mikimbio 241 ya kutafuta ili ishinde. Akarusha kama aliyekuwa akiyaweka akiba yale yote: wiketi tano kwa mikimbio 23, Kapil akichukua tano nyingine, na Uingereza nzima ikaanguka kwa 102. Hiyo ndiyo siku bora kuliko zote katika michezo yake mirefu 39, ambayo ilimpa wiketi 71 na mikimbio 1,042.

Sasa nifike 1983. India ilikwenda Uingereza ikiwa na ule ushindi wake mmoja wa Leeds, na hakuna aliyeitarajia. Madan Lal na Roger Binny, warushaji wawili wa mwendo wa wastani, walionekana hawana la kutisha; na hao wawili ndio walioyatawala mashindano, Binny kwa wiketi 18 na Madan Lal kwa 17. Mjini Chelmsford, Australia iliangushwa kwa 129, Madan Lal akitwaa nne kwa 20 na Binny nne kwa 29. Katika fainali, uwanja wa Lord's, tarehe 25 Juni, India ilipiga mikimbio 183 tu, ikikabili West Indies iliyokuwa imelitwaa kombe mara zote mbili zilizotangulia. Viv Richards aliingia akitafuna ubani, akaanza kuupeleka mpira ukingoni kana kwamba ana miadi mahali pengine, na miongoni mwa aliowaadhibu alikuwamo Madan Lal.

Hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Kapil, aliyekuwa nahodha, alitaka kumpumzisha, na kwa hesabu ya kawaida alikuwa na haki. Madan Lal akauomba mpira, akasema apewe ova moja zaidi. Nahodha akampa kwa shingo upande. Katika ova hiyo Richards, akiwa na 33, aliuinua mpira mrefu upande wa kushoto wa uwanja, na Kapil akageuka akaukimbilia, macho yake juu ya bega, akaudaka. West Indies walikuwa 57 kwa wiketi tatu. Desmond Haynes alikuwa ametangulia kuanguka kwa Madan Lal, na Larry Gomes akafuata kwake vilevile. Baada ya hapo Mohinder Amarnath akaimaliza kazi, na mabingwa wakakomea 140. Watu husema Kapil alilishinda kombe kwa miguu yake. Ni kweli; lakini miguu ile isingekuwa na la kukimbilia kama mtu aliyepigwa mbele ya umati mkubwa asingerudi kuuomba mpira uleule.

Alirejea Leeds tena. Mwaka 1986 India ilikuwa ikizuru Uingereza, na Madan Lal, mwenye miaka 35, hakuwamo katika msafara. Alikuwa huko akicheza kriketi ya ligi. Mrushaji kijana Chetan Sharma akaumia, na wakuu wa timu wakamwita mzee aliye karibu. Alifika Headingley, katika uwanja uleule ambamo alikuwa amewaangusha Sethi, Nana na Pringle, akatwaa wiketi tatu kwa mikimbio 18, Binny akatwaa tano, na Uingereza ikafika 102, idadi ileile ya Bombay. India ilishinda kwa mikimbio 279, na mchezo huo ukawa wa mwisho kwake katika michezo mirefu ya mataifa.

Alipoacha kucheza alifundisha: Falme za Kiarabu katika Kombe la Dunia la mwaka 1996, kisha India yenyewe, akimrithi Sandeep Patil na kurithiwa mwaka 1997 na Gaekwad yule aliyemdaka Sethi. Katika muhula wake mrushaji mwingine wa kasi, Dodda Ganesh wa Karnataka, aliichezea India mchezo wa kwanza mjini Cape Town, Januari 1997. Na Ganesh huyo, mwezi wa Agosti 2024, alitangazwa kuwa mwalimu wa timu ya Kenya, ijapokuwa uteuzi huo ulitenguliwa mwezi uliofuata.

Kenya, iliyojitenga na wenzake mwanzoni mwa miaka ya themanini, ililipa deni la Leeds: tarehe 28 Mei 1998, mjini Gwalior, iliifunga India kwa mikimbio 69 nyumbani kwake. Mwaka 2003, ikiongozwa na Steve Tikolo na kufundishwa na Sandeep Patil, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, daraja ambalo hakuna nchi yetu nyingine iliyolifikia, na aliyeizuia mjini Durban alikuwa India tena, kwa mikimbio 91. Mchezo huo ulichezwa tarehe 20 Machi, siku aliyotimiza Madan Lal miaka 52. Tanzania kwa upande wake ilipata uanachama wake yenyewe katika baraza la kriketi la dunia mwaka 2001, na ile timu ya Afrika Mashariki na Kati, iliyotuunganisha na Malawi na Zambia, ikaacha kuwapo baada ya muda si mrefu.

Madan Lal alijaribu siasa mwaka 2009, kisha akarudi kwenye mchezo. Mwaka 2020 aliwekwa katika kamati ya watu watatu iliyopewa kazi ya kuwapata wateuzi wa timu ya taifa, na mwezi wa Desemba mwaka huo kamati hiyo ilimchagua mwenyekiti wa wateuzi: Chetan Sharma.